Somo la Kumi na Moja: Nguo Kuukuu na Habari Zake

Kama ilivyo desturi yetu, mliosikia somo hili kwa redio sasa mnalipata kwa maandishi, mpate kulisoma polepole, na mwalimu wenu awasaidie penye maneno magumu. Asiyesikia redio asione wivu. Yote niliyosema yamo humu, ila kikohozi changu tu.

Juma lililopita tulizungumza habari za vyungu vya kale. Leo tutazungumza habari za nguo. Nakuuliza kwanza wewe unayesoma: nyumbani kwako, nguo iliyo kuukuu kupita zote ni ipi? Fikiri kidogo kabla hujaendelea. Huenda ni kanzu ya babu, au kanga ya mama iliyofungwa ndani ya sanduku, au shuka. Na huenda ukaona ya kuwa hakuna hata moja iliyo ya zamani sana. Usishangae. Chungu kikivunjika, vigae vyake hukaa ardhini miaka elfu. Lakini nguo ina maisha mafupi. Kwanza huvaliwa kwa sherehe, kisha huvaliwa nyumbani, kisha huwa ya shamba, kisha hukatwa ikawa ya kumfunga mtoto mchanga, kisha huwa tambara la kupigia deki, na mwisho hutupwa jalalani. Kilichosazwa na sisi huliwa na mchwa, na kilichosazwa na mchwa huozeshwa na unyevu. Kwa hiyo mtu anayetafuta historia kwa njia ya nguo ana kazi ngumu kuliko yule wa vyungu.

Nitaanza kwa kosa langu mwenyewe, mpate kucheka. Marehemu babu yangu, mzaa baba, aliacha kanzu moja ya bafta, imetiwa darizi ya uzi mwekundu shingoni. Kifuani palikuwa na doa la tambuu, kubwa kama sarafu. Kanzu hiyo ilikaa sandukuni miaka mingi. Siku moja, nami ni kijana, nikaona haya kwamba kanzu ya babu ni chafu. Nikaichemsha kwa sabuni, nikaisugua, nikaitia buluu, nikaianika juani kutwa. Ikawa nyeupe kama pamba. Nikampelekea shangazi nikitazamia shukrani. Shangazi akaishika, akaigeuza, akatafuta kitu kifuani asikione. Akaniambia, "Mwanangu, umemfua baba yangu." Kumbe doa lile babu alilipata usiku wa harusi ya shangazi, alipocheka na tambuu ingali kinywani. Na ile darizi nyekundu, ambayo bibi alimshonea kwa mkono wake, ilikuwa imechuja mpaka haionekani tena. Mimi sikujua, maana sikuuliza.

Sasa tuwatazame watu waliouliza.

Katika nchi ya Misri, kusini ya mji wa Cairo, mwendo wa kilomita zipatazo 50, pana mahali panapoitwa Tarkhan. Mwaka 1913 Mwingereza mmoja aitwaye Flinders Petrie alikuwa akichimba makaburi ya kale mahali hapo. Katika kaburi moja kubwa, ambalo wezi walikuwa wamelivunja tangu zamani, lilipatikana rundo la vitambaa vya kitani, vichafu, vimejaa mchanga. Kitani ni nguo inayofumwa kwa nyuzi za mmea uitwao kitani vilevile. Wamisri wa kale walivaa kitani zaidi ya kitu kingine chochote. Wachimbaji wengi wa siku zile walitafuta dhahabu na sanamu, na rundo kama lile wangelitupa. Petrie alikuwa na tabia nyingine: hakudharau vitu vidogo. Akalichukua, likapelekwa London, likawekwa katika makumbusho ya chuo kikuu ambayo leo yanaitwa kwa jina lake, Makumbusho ya Petrie.

Huko likakaa. Vita vikuu viwili vikapita, na rundo lingali rundo. Mwaka 1977, yaani baada ya miaka 64, lilipelekwa kwa mafundi wa kuhifadhi nguo katika jumba la makumbusho liitwalo Victoria and Albert, papo hapo London, ili lisafishwe. Mafundi hawa hawafui kama tufuavyo sisi. Walianza kutenganisha kitambaa kimoja kimoja, na katikati ya yale matambara wakaona mkono wa nguo. Wakaona na shingo. Kumbe lile halikuwa rundo la vitambaa tu. Ndani yake mlikuwa na vazi zima lililoshonwa, limekosa upindo wa chini tu.

Vazi lenyewe limeshonwa kwa vipande vitatu vya kitani chenye mstari hafifu wa kijivu. Shingo yake imekatwa kama herufi V, ambayo ninyi nyote mnaijua sasa. Mikono na sehemu ya juu ya kiwiliwili imetiwa marinda membamba, yamepangwa sawasawa. Mshonaji wa cherehani wa leo angeyatazama marinda yale kwa heshima, maana yalifanywa na mtu asiye na cherehani wala pasi.

Lakini marinda siyo yaliyowafurahisha wataalamu kupita yote. Tazama mambo mawili. La kwanza, vazi lilikuwa limegeuzwa ndani nje. Wewe hugeuza nguo ndani nje wakati gani? Ni wakati wa kuivua kwa kuipitisha kichwani. Basi, mtu fulani alivua nguo ile kwa kuivuta juu ya kichwa, akaiacha hivyo hivyo. La pili, kwenye viwiko na kwapani palikuwa na mikunjo, kama ile iliyomo katika shati lako ukilivua jioni baada ya kazi. Nguo iliyoshonwa makusudi kwa ajili ya maiti haina mikunjo hiyo. Kwa hiyo watu wakajua ya kwamba vazi hili lilivaliwa na mtu aliye hai, aliyekunja mikono, aliyefanya kazi au kucheza. Na kwa kupima upana wake, wakajua ya kwamba lingemfaa kijana aliyebaleghe karibuni au mwanamke mwembamba.

Je, ni la zamani kiasi gani? Hapa pana elimu ya kupendeza. Kila mmea ulio hai huvuta hewa, na ndani ya hewa hiyo mna kitu kiitwacho kaboni. Sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni ya namna ya pekee, ambayo hupungua yenyewe kwa kipimo kisichobadilika: kila miaka ipatayo 5,730 hubaki nusu yake. Mfikirie mtungi wenye tundu dogo chini. Mmea ukiwa hai, mtungi hujazwa kila siku. Mmea ukikatwa, hakuna tena wa kuujaza, na maji huendelea kudondoka. Mwenye kujua mwendo wa matone, akipima maji yaliyobaki, atajua mtungi uliachwa lini. Katika miaka ya 1980 vitambaa vya rundo lile vilipimwa kwa njia hiyo, lakini jibu lililopatikana lilikuwa pana mno, halikutosheleza. Mwaka 2015 walipima tena huko Oxford, wakatumia kipande cha uzi ambacho uzito wake haukufika miligramu tatu. Punje moja ya mchele ina uzito mara kadhaa kuliko huo. Jibu likatoka: kitani kile kilikatwa shambani kati ya mwaka 3482 na mwaka 3102 kabla ya Kristo, na uhakika wa jibu hilo ni 95 katika 100. Yaani vazi lile lilikwisha kushonwa miaka mia tano na zaidi kabla ya kujengwa Piramidi Kubwa. Hakuna vazi lingine la kufumwa linalojulikana duniani lililo la zamani kuliko hilo.

Angalia tena maneno yangu: kipimo kinaeleza mwaka uliokatwa mmea. Hakielezi siku iliyoshonwa nguo, wala siku iliyovuliwa. Msomaji wa historia hana budi kushika tofauti hiyo, kama vile tarehe iliyo juu ya barua isivyokuambia siku barua ilipofika.

Baadaye mafundi walishona kitani kile juu ya hariri nyembamba sana inayoonyesha, ili kiweze kusimama bila kujivuta kwa uzito wake, wakakivalisha juu ya umbo. Leo mtu akienda anakiona kama kilivyokuwa mwilini.

Nina kisa kingine, nacho ni cha doa, kwa hiyo kinaniuma kidogo. Tarehe 21 Oktoba 1805 Waingereza walipigana na manowari za Ufaransa na Hispania karibu na Trafalgar, pwani ya Hispania. Jemadari wa Waingereza, Nelson, alipigwa risasi akiwa juu ya sitaha ya manowari yake, akafa saa chache baadaye. Koti alilovaa siku hiyo lipo mpaka leo katika makumbusho ya mambo ya bahari huko Greenwich. Mwaka 1845 Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, alitoa pauni 150 kulinunua, akalitoa liwekwe Greenwich. Juu ya bega la kushoto pana tundu la risasi. Mkono wa kulia una kitanzi kidogo cha kuushikiza kifuani, kwa sababu Nelson alikuwa amekatwa mkono huo tangu mwaka 1797. Na koti lina madoa ya damu.

Damu ya nani? Ungesema ya Nelson, nami ningesema hivyo. Lakini mapema siku ile, karani wake, John Scott, aliuawa kwa mzinga juu ya sitaha hiyo hiyo, na Nelson alipopigwa risasi alianguka mahali pale pale palipokuwa na damu ya Scott. Kwa hiyo wataalamu hudhani ya kwamba damu iliyoko mkononi na kwenye upindo wa koti ni ya karani. Koti moja, watu wawili waliokufa. Mmoja amejengewa sanamu ndefu katikati ya London, na mwingine amebaki katika doa. Lau angalitokea mtu kama mimi, na sabuni yake na buluu yake, Scott angalitoweka kabisa.

Haya, tuje katika utunzaji, maana najua baadhi yenu mtaniuliza.

Adui wa kwanza wa nguo ni nuru. Ukiingia katika jumba la makumbusho ukaona chumba cha nguo kina giza-giza, usidhani ya kuwa wamekosa fedha za kulipia umeme. Nuru hula rangi, na ikisha kula rangi hula nyuzi zenyewe, na kilicholiwa hakirudi. Wengi hushika kipimo cha lukisi 50, ambacho ni hafifu kuliko taa ya sebuleni. Ukitaka kuyaona maneno haya kwa macho yako, chukua nguo ya zamani iliyoshonwa, ifungue kidogo ndani ya mshono au ndani ya upindo. Rangi utakayoikuta humo ndiyo rangi yake ya kwanza. Mara nyingi utastaajabu.

Adui wa pili ni unyevu, na watu wa pwani hamhitaji kufundishwa habari hiyo. Hewa ikiwa na maji mengi, ukungu huota. Sanduku liinuliwe kutoka sakafuni, lisigusane na ukuta, nalo lifunguliwe mara kwa mara siku ya kiangazi, nguo zipate hewa kivulini. Wadudu nao wana chaguo lao: viwavi vya nondo hupenda sufu na hariri, pamba hawaitaki sana, lakini mchwa hawachagui. Katika majumba makubwa nguo yenye wadudu hufungwa vizuri ndani ya mfuko, ikawekwa ndani ya mashine ya baridi kali siku kadhaa mpaka wadudu wafe. Jambo hilo hunifurahisha, maana halina dawa ya sumu.

Mengine ni madogo. Pini za chuma hutia kutu, ziondoe. Gazeti si kitu cha kufungia nguo, kwa sababu karatasi yake huwa njano na hutia njano nguo pia. Afadhali kipande cha bafta nyeupe iliyofuliwa na kusuuzwa vizuri, isibaki sabuni. Nguo nzito isitundikwe, ilazwe. Na mahali pa kukunjia pabadilishwe kila mara, maana nguo ikikunjwa pale pale miaka 20, hukatika pale pale.

Wala isivaliwe. Mwaka 2022 huko New York mwanamke mmoja maarufu alivaa katika karamu gauni alilolivaa Marilyn Monroe mwaka 1962 alipomwimbia Rais Kennedy siku ya sherehe yake. Alilivaa kwa muda mfupi tu, lakini watunzaji wa nguo wa mataifa mengi walilalamika, wakasema nguo ya historia haivaliwi hata na mtu awe nani. Jasho, mafuta ya ngozi, kuinama, kuketi: yote huongeza alama mpya juu ya alama za zamani, na atakayekuja kuisoma hatajua ipi ni ya nani.

Mpaka hapa nimezungumza habari za Misri na Uingereza. Sasa turudi kwetu pwani, ambako pana jambo linalonisumbua.

Tangu miaka ya 1830 merikebu za Wamarekani, nyingi zikitoka mji wa Salem, zilileta Unguja nguo ya pamba nzito isiyo na rangi, na kwa sababu hiyo watu wakaiita merikani, jina tunalolitumia hata leo. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said uliandikwa mwaka 1833. Merikani ilichukuliwa bara kwa mabega ya wapagazi, ikawa kama fedha: kwa dhiraa kadhaa ulinunua chakula, ulipa ushuru wa njia, ulinunua pembe za ndovu. Merikani ilipotiwa rangi nyeusi ya nili ikaitwa kaniki. Na nguo hizi mbili, merikani na kaniki, ndizo walizovaa watumwa wengi wa Unguja na wapagazi waliobeba mizigo.

Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake wengi walioachwa huru waliziacha nguo zile wakavaa kanga zenye rangi. Kwao, kanga haikuwa pambo tu. Ilikuwa tangazo: mimi si mali ya mtu. Waliokuwa wakitembea kichwa wazi sasa walijifunika kama waungwana, na mtu yeyote barabarani aliisoma habari hiyo, hata asiyejua herufi moja.

Sasa nenda katika majumba ya makumbusho. Majoho ya wakubwa utayaona, yenye nyuzi za dhahabu. Kaniki ya mtumwa utaiona wapi? Ni chache sana zilizosalia, kwa sababu ilivaliwa mpaka ikaisha, na aliyeivaa hakutamani kuiweka kwa ukumbusho. Kwa hiyo mtu akiingia katika jumba lile atadhani watu wa kale wote walivaa dhahabu. Mtunzaji mwema hana budi kulisema jambo hilo waziwazi kwa maandishi karibu na joho, tena kwa lugha ambayo wajukuu wa wapagazi wanaweza kuisoma.

Kanga nayo ina taabu yake. Kanga haikushonwa, ni kitambaa chenye pembe nne, kina pindo, mji, na jina lililoandikwa. Ukiitandaza ukutani huwezi kujua kama ilifungwa kiunoni, ilifunikwa kichwani, ilibebea mtoto au ilifunika jeneza. Jina lake linasaidia kidogo: kanga za zamani zina jina kwa herufi za Kiarabu, na za baadaye kwa herufi za Kizungu, kwa hiyo herufi peke yake hutusaidia kukisia wakati. Lakini maneno ya kanga ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni nani alimpa nani, siku gani, na jirani gani alikasirika. Habari hiyo haimo katika nyuzi. Imo kichwani mwa mwenye kanga, na akifa huenda nayo, isipokuwa pana mtu aliyeiandika.

Kazi ya juma hili, basi, ni hii. Nenda kwa mzee wa nyumbani mwako, umwombe akuonyeshe nguo yake ya zamani kupita zote. Nawa mikono kwanza. Usiifue, hata ukiiona chafu. Itazame ndani na nje: palipochanika, paliposhonwa tena, palipo na doa. Kisha muulize ilinunuliwa wapi, ilivaliwa siku gani, doa hili ni la nini. Andika majibu yake kwa penseli juu ya karatasi, sentensi tano au sita zatosha, uandike na jina lake na tarehe. Usiiandike nguo yenyewe, wala usiipige karatasi pini. Iweke tu pamoja na nguo ndani ya kipande cha bafta. Mwalimu wenu atazisoma karatasi hizo darasani siku ya Alhamisi.

Juma lijalo tutasoma habari za sarafu. Njooni na senti za zamani, mlizo nazo.